Dang'a: Ngao ya Kwanza ya Ndama wa Nyati



Nyote mnaijua methali isemayo, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Hutumiwa mtu atakapo kusema kwamba mtoto hufuata wazazi wake. Katika somo hili nataka tuipime methali hiyo kwa jambo moja la elimu ya viumbe. Je, mama aliyekwisha kuugua magonjwa na kuyashinda humrithisha mwanawe nguvu ya kuyashinda? Nimemchagua ndama wa nyati awe mfano wetu, kwa sababu kwake yeye jibu ni la ajabu. Huzaliwa mikono mitupu, naye hupewa katika siku moja silaha za kumlinda kwa majuma mengi. Siku hiyo ikipita bure, hakuna awezaye kuirudisha.

NYATI GANI?

Nikitaja nyati, msomaji wa hapa Uganda atamfikiri mbogo aonekanaye katika mbuga ya Queen Elizabeth, ambaye hakuna mwenye akili atakayemwendea na ndoo ya kukamulia. Simsemi huyo. Nasema nyati wa maji, mnyama wa kufugwa, ambaye hupenda kulala majini au matopeni wakati wa jua kali. Maji ya Nile yakitoka kwetu Jinja husafiri mpaka Misri, na kule ukingoni nyati huyu hukamuliwa kila siku. Wamisri humwita gamusa. Lakini nchi yenye nyati wengi kuliko zote ni Bara Hindi. Hesabu ya mifugo ya nchi hiyo ya mwaka 2019 ilikuta nyati karibu milioni 110, nao ni zaidi ya nusu ya nyati wa kufugwa wote duniani. Katika jimbo la Haryana hutoka mbegu mashuhuri iitwayo Murrah, weusi, wenye pembe zilizojikunja kama konokono. Maziwa ya nyati ni mazito. Mafuta yake ni kama sehemu 7 katika 100, na ya ng'ombe wengi ni kama sehemu 4.

Mbogo wetu na nyati wa maji ni wa mbari mbalimbali. Ukihesabu kromosomu, yaani zile nyuzi ndogo zichukuazo urithi ndani ya kila chembe ya mwili, mbogo wa mbugani anazo 52, nyati wa maji wa namna ya Murrah anazo 50, na ng'ombe anazo 60. Hata hivyo wote watatu hucheua, na habari nitakayoeleza juu ya ndama wa nyati ni ya kweli pia kwa ndama wa ng'ombe. Kwa hiyo wale ambao nyumbani kwao kuna zizi wasidhani kwamba nasimulia mambo ya mbali tu.

Nyati huchukua mimba siku 310 hivi, yaani zaidi ya miezi kumi. Baada ya kungoja kwa muda huo mrefu, mfugaji hupata ndama mmoja mwenye uzito wa kilo 30 au zaidi kidogo. Ndama huyo akifa, hasara haiwi moja. Nyati wengi hawateremshi maziwa vizuri ila ndama awaguse kiwele kwanza. Basi mwenye kufiwa na ndama aweza kupoteza ndama na maziwa pamoja.

ANAZALIWA BILA SILAHA

Vijidudu vya ugonjwa vikiingia katika mwili wa mnyama, mwili hutengeneza protini maalumu ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili ina umbo la kumkamata adui fulani, kama ufunguo ulivyo na kufuli lake. Mnyama mzima aliyeishi miaka katika zizi moja anazo kingamwili za maadui wengi wa zizi lile. Ndama aliyezaliwa leo hajakutana na adui hata mmoja. Mwili wake waweza kujifunza kutengeneza kingamwili, lakini masomo hayo huchukua majuma, na kuhara kwaweza kumwua kwa siku mbili tatu.

Mtoto wa binadamu hana shida kubwa namna hii. Akiwa tumboni, kingamwili za namna iitwayo IgG hupita katika kondo la nyuma na kuingia katika damu yake, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba. Akizaliwa, tayari anayo akiba kutoka kwa mama yake. Kondo la nyati, la ng'ombe, la mbuzi na la kondoo ni la namna nyingine. Kati ya damu ya mama na damu ya mtoto pana tabaka nyingi zaidi za nyama laini. Hewa hupita, na chakula hupita, lakini kingamwili ni protini kubwa, nazo huzuiwa. Kwa sababu hiyo ndama wa nyati huzaliwa na damu ambayo karibu haina kingamwili kabisa.

Kumbuka basi maneno mawili. Kinga ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, kwa kuugua au kwa kuchanjwa, tutaiita kinga ya kujipatia. Kinga ambayo mtoto huipokea ikiwa tayari kutoka kwa mama tutaiita kinga ya kupewa. Kinga ya kujipatia huchelewa kuja, lakini hukaa muda mrefu. Kinga ya kupewa huja kwa saa chache, lakini huisha polepole kama fedha ambayo mtu huitumia bila kuongeza nyingine.

DANG'A NI KITU GANI?

Maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano ambayo mama hutoa mara baada ya kuzaa, huitwa dang'a. Baadhi ya watu huyaona kama maziwa yasiyoiva. Ukweli ni kwamba hakuna maziwa mengine yenye kazi kubwa kama hayo. Katika majuma ya mwisho ya mimba kiwele huvuta IgG kutoka katika damu ya mama na kuiweka tayari, hata kiasi cha IgG kilichomo katika damu ya mama mwenyewe hupungua. Kwa ng'ombe, dang'a huhesabiwa kuwa nzuri ikiwa na gramu 50 za IgG au zaidi katika kila lita. Baada ya siku chache, maziwa ya kawaida huwa na kama gramu moja tu au pungufu. Pamoja na IgG, dang'a ina mafuta ya kumtia ndama joto, na vitamini A, ambayo ndama huzaliwa na akiba yake ndogo sana.

Yafaa kujua kwamba kingamwili zilizomo katika dang'a ni za maadui ambao mama amekutana nao. Nyati aliyenunuliwa juzi katika mnada wa mbali, akizaa leo, dang'a yake ina silaha za vita vya kule alikotoka. Ndiyo sababu wafugaji wenye maarifa humleta mama katika zizi lake jipya mapema kabla hajazaa, na wengine humchanja katika majuma ya mwisho ya mimba, ili chanjo ya mama iwe faida kwa mtoto.

MLANGO USIO NA BAWABU

Hapa pana jambo la kushangaza. Mimi na wewe tukila protini, kama vile maharagwe au nyama, tumbo huikatakata vipande vidogo kabla haijaingia katika damu. Kama ndama angefanya hivyo, kingamwili zote zingekuwa chakula tu, wala zisingekuwa kinga. Lakini katika siku ya kwanza chembe za utumbo wake mwembamba humeza protini nzima nzima na kuzipeleka mpaka katika damu bila kuzivunja. Tena katika dang'a yenyewe imo dawa ya kuzuia vimeng'enya vya tumbo visizikate kingamwili njiani.

Mlango huo haukai wazi muda mrefu. Katika saa za kwanza huwa wazi kabisa. Baada ya muda wa saa sita huwa umekwisha kupungua. Na baada ya saa 24 hivi umefungwa. Dang'a inayonywewa kesho yake bado hulinda utumbo kwa ndani, maana kingamwili hupigana na vijidudu mle mle tumboni, lakini haiingii tena katika damu. Methali ya wazee, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," kwa ndama ni kweli neno kwa neno.

Jambo la pili ni kwamba mlango huu hauna bawabu. Hauchagui nani aingie. Bakteria wakitangulia kuliko dang'a, nao waweza kupita. Ndama aangukaye katika samadi na kuramba chuchu zenye matope amefunguliwa mlango kwa adui kabla ya rafiki. Kwa hiyo usafi wa mahali pa kuzalia na kuosha kiwele ni sehemu ya somo hili hili.

Habari hizi zilithibitishwa zamani kwa ndama wa ng'ombe. Mwaka 1922, Theobald Smith na Ralph Little, waliokuwa wakifanya kazi Princeton katika Marekani, waliandika habari za ndama waliopewa dang'a na wengine walionyimwa. Waliopewa waliishi, wengi wa walionyimwa walikufa katika siku chache, na bakteria wa kawaida wa matumbo walikutwa wameenea katika viungo vyao. Bakteria hao hao, kwa ndama mwenye kinga, hawana nguvu kubwa.

JE, NI URITHI?

Sasa turudi kwenye methali yetu. Mama anazo kingamwili, na mtoto anazo pia. Mtu angeweza kusema, "Naam, mtoto wa nyoka ni nyoka, amerithi." Mwaka 1892 Paul Ehrlich, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliliuliza swali hili kwa panya. Aliwazoeza panya kwa sumu mbili za mbegu, kidogo kidogo, mpaka wakawa hawadhuriki. Sumu moja hutoka katika mbarika, na nyingine katika zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watu wa pwani huziita tipitipi.

Kwanza aliwatazama watoto wa baba aliyezoezwa na mama wa kawaida. Watoto hao hawakuwa na kinga. Baba hakuwapa kitu. Watoto wa mama aliyezoezwa walikuwa na kinga. Je, waliipata tumboni au katika maziwa? Ehrlich akabadilisha watoto: waliozaliwa na mama wa kawaida akawapa wanyonyeshwe na mama aliyezoezwa. Watoto wale wa kambo wakapata kinga! Hawakuwa na damu moja na mlezi wao, ila maziwa tu.

Jaribio hilo ni rahisi, na uzuri wake ni kwamba linatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hutembea pamoja, yaani uzazi na malezi. Kingamwili za mama si urithi kama rangi ya ngozi au umbo la pembe. Ni zawadi. Mama mlezi aweza kuitoa, na mtu mwenye chupa safi ya dang'a aweza kuitoa pia. Mwaka 1908 Ehrlich alipata nusu ya Tuzo ya Nobel kwa kazi zake juu ya kinga ya mwili.

LAKINI URITHI UMO PIA

Msomaji asifunge daftari bado. Kingamwili hazirithiwi, lakini vyombo vya kuzichukua na kuzitunza hurithiwa. Katika miili ya wanyama wanyonyeshao kuna protini iitwayo FcRn. Ni kipokezi, yaani kama mkono unaoishika IgG. Mahali penye uchungu kidogo wa asidi huishika, na mahali pasipo na asidi huiachia. Mtaalamu wa Uingereza aitwaye Brambell alikisia kuwapo kwa kipokezi cha namna hii katika miaka ya 1950 na 1960, kabla hakijaonekana, kwa kufikiri tu juu ya hesabu za majaribio yake.

Katika watoto wa panya kipokezi hiki huvusha IgG ya maziwa katika utumbo. Katika ndama, kama tulivyoona, utumbo humeza kila protini bila kuchagua. Kipokezi kina kazi zaidi mahali pengine. Kimo katika kiwele cha mama, penye kazi ya kuhamisha IgG kutoka katika damu. Kimo pia katika kuta za mishipa ya damu, na hapo huiokoa IgG isivunjwe na kutupwa. Kwa sababu ya kuokolewa huku, IgG ya dang'a hukaa katika damu ya ndama muda mrefu; hupungua nusu katika muda wa majuma matatu hivi.

Kipokezi hiki kimeungwa kwa vipande viwili, na kila kipande kina jeni yake. Jeni ya kipande kikubwa huitwa FCGRT, na ya kipande kidogo huitwa B2M. Jeni ni kama sentensi ndefu iliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Katika kundi la wanyama, sentensi ile ile huweza kuandikwa kwa tofauti ya herufi moja hapa na nyingine pale. Mara nyingi tofauti hiyo haibadilishi maana. Mara nyingine hubadilisha umbo la kipokezi au wingi wake. Ndama hupokea nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa hiyo hapa baba, ambaye katika jaribio la Ehrlich hakuwa na kitu cha kutoa, ana neno lake.

Wataalamu wa Marekani walichapa habari juu ya jeni hizi katika ng'ombe wa nyama, ile ya FCGRT mwaka 2002 na ile ya B2M mwaka 2004. Walikuta kwamba baadhi ya sura za jeni hizo huambatana na kiasi kidogo cha IgG katika damu ya ndama. Jeni hizo hizo zinatazamwa katika nyati pia, kwa kuwa katika nchi zenye nyati wengi vifo vya ndama ni hasara kubwa ya wakulima wadogo.

TUFANYE HESABU

Ili tuone urithi na malezi yanavyofanya kazi pamoja, tuwachukue ndama wawili wa nyati, tuwaite A na B. Kila mmoja ana kilo 30. Maji ya damu yake, yaani damu ukiondoa chembe zake, tuseme ni sehemu 9 katika 100 za uzito, basi ni lita 2.7. Kila mmoja anakunywa lita 3 za dang'a yenye gramu 50 za IgG kwa lita. Jumla wamepewa gramu 150 kila mmoja. Kwa ndama wa ng'ombe hutakiwa angalau gramu 10 za IgG katika lita moja ya maji ya damu. Aliye chini ya hapo huhesabiwa kuwa hakupata kinga ya kutosha. Tutumie kipimo hicho hicho.

Si gramu zote 150 zitakazofika na kubaki katika damu. Tuseme kwamba A amerithi vyombo vizuri, na B huweka theluthi mbili tu ya kile A awezacho kuweka. Tarakimu hizi nimezichagua kwa ajili ya mfano, ili tuone mwendo wa jambo.

Wakinywa katika saa ya kwanza: A anaweka sehemu 30 katika 100, yaani gramu 45. Gawanya kwa lita 2.7, unapata gramu 16.7 kwa lita. B anaweka sehemu 20, yaani gramu 30, unapata gramu 11.1. Wote wawili wamepita mtihani.

Wakinywa baada ya muda wa saa sita: A anaweka sehemu 21, yaani gramu 31.5, unapata gramu 11.7 kwa lita. B anaweka sehemu 14, yaani gramu 21, unapata gramu 7.8. A amepita, B ameanguka.

Wakinywa baada ya muda wa saa kumi na mbili: A anaweka sehemu 12, yaani gramu 18, unapata gramu 6.7. B anaweka sehemu 8, yaani gramu 12, unapata gramu 4.4. Wote wawili wameanguka.

Tazama vizuri. Tofauti ya urithi kati ya A na B ni ile ile katika mistari yote mitatu. Lakini ni katika mstari wa kati tu ambapo tofauti hiyo imeamua nani apite na nani aanguke. Mfugaji mwangalifu huwaokoa wote wawili, na mfugaji mzembe huwapoteza wote wawili. Yule achelewaye kidogo ndiye atakayesema, "Huyu alizaliwa dhaifu," wala hatajua kwamba udhaifu ule ungefichwa na dang'a ya mapema.

JINSI YA KUTOSHANGILIA MAPEMA

Wanafunzi wa sayansi, hapa pana onyo kwenu. Tuseme umepima damu ya ndama hamsini, ukaona wenye sura fulani ya jeni wana IgG kidogo. Je, umethibitisha kwamba jeni ndiyo sababu? Bado. Huenda ndama hao wote walizaliwa usiku, wakanyweshwa asubuhi. Huenda mama zao walikuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, na wazaao mara ya kwanza mara nyingi wana dang'a kidogo au hafifu. Huenda wote ni watoto wa dume mmoja, na jeni nyingine ya dume huyo ndiyo yenye kosa, ile uliyoipima ikiwa jirani yake tu katika kromosomu.

Kwa hiyo mpimaji mwema huandika saa ya kuzaliwa na saa ya kunywa. Hupima dang'a yenyewe, pamoja na lita alizokunywa kila ndama. Huandika umri wa mama na jina la dume. Naye huchukua damu kwa saa ile ile kwa ndama wote, kama vile siku moja au mbili baada ya kuzaliwa. Baada ya kuyatoa hayo yote katika hesabu, akiona tofauti bado imesimama, na ikionekana tena katika kundi lingine la wanyama, hapo aweza kuanza kuisema jeni. Ehrlich alibadilisha watoto wa panya kwa sababu hiyo hiyo: hakutaka mambo mawili yafichane.

KUNGOJA KONDO

Katika baadhi ya vijiji vya Bara Hindi na Pakistan iko desturi ya kutomnyonyesha ndama mpaka kondo la nyuma la mama limekwisha kutoka. Mtu aweza kuiona kuwa desturi ya busara, maana kazi ya kuzaa haijakwisha mpaka kondo litoke. Lakini kondo laweza kukaa saa nyingi kabla ya kuanguka, na saa hizo ni zile zile ambazo mlango wa utumbo unafungwa. Ndama anasimama karibu na mama yake, chakula kiko mbele yake, kinga iko mbele yake, na kamba imemzuia.

Tena desturi yenyewe yajipinga. Ndama anyonyapo, mwili wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo hushusha maziwa, na pia hukaza tumbo la uzazi, jambo ambalo husaidia kondo kutoka. Mwenye kutaka kondo litoke upesi ana sababu ya kumruhusu ndama anyonye, si ya kumzuia.

Sisemi haya ili tuwacheke wafugaji wa mbali. Hata katika mazizi mengine, dang'a mara nyingine hukamuliwa ikamwagwa kwa kudhaniwa ni maziwa machafu, au hupikwa na watu wa nyumbani kabla ndama hajashiba. Watu wa Maharashtra hupika dang'a kuwa chakula kitamu kiitwacho kharvas, wala si kosa, maana mama hutoa dang'a nyingi. Ila ndama awe wa kwanza mezani. Dang'a iliyochemshwa haimfai kwa kinga, kwa kuwa moto mkali huziharibu kingamwili kama uivishavyo ute wa yai.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ndama wa nyati, kama wa ng'ombe, huzaliwa karibu bila kingamwili, kwa sababu kondo la mama yake haliziruhusu kupita.

2. Dang'a ndiyo njia yake ya kupata kinga ya kupewa. Apate karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani lita 3 kwa ndama wa kilo 30. Nusu aipate katika saa moja au mbili za kwanza, na nusu nyingine kabla ya saa kumi na mbili kupita. Akishindwa kusimama, akamuliwe na kunyweshwa kwa chupa safi.

3. Chuchu zioshwe na mahali pa kuzalia pawe pakavu, maana mlango wa utumbo hauchagui.

4. Kingamwili si urithi, ni zawadi. Lakini uwezo wa kuzitoa, kuzipokea na kuzitunza una sehemu yake katika urithi.

5. Jeni zaweza kuwasaidia wataalamu kuchagua madume na majike wa kuzaa siku zijazo. Ndama aliyekwisha kuzaliwa usiku huu hawezi kubadilishiwa jeni, lakini aweza kupewa dang'a.

Basi methali ya nyoka imepata jibu lake. Mtoto wa nyati ni nyati kwa pembe, kwa rangi na kwa idadi ya kromosomu. Kwa kinga, lazima apewe, na apewe mapema. Ikiwa likizo hii utakuwa nyumbani, na usiku utasikia kwamba ng'ombe au mbuzi anazaa, usiseme utatazama asubuhi. Chukua taa, chukua maji ya kuoshea kiwele, uende.

MASWALI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kinga ya kupewa na kinga ya kujipatia.

2. Kwa nini mtoto wa binadamu aweza kuishi bila dang'a kwa urahisi kuliko ndama wa nyati?

3. Ehrlich alijuaje kwamba kinga hupita katika maziwa? Kwa nini ilimpasa kuwabadilisha watoto?

4. Ndama wa nyati ana kilo 36, na maji ya damu yake ni sehemu 9 katika 100 za uzito. Amekunywa lita 3.6 za dang'a yenye gramu 45 za IgG kwa lita, na sehemu 25 katika 100 zimefika na kubaki katika damu. Je, amepita kipimo cha gramu 10 kwa lita?

5. Jirani yako asema, "Ndama wa dume huyu hufa kila mara, mbegu yake ni mbaya." Taja mambo matatu utakayouliza kabla ya kukubali.

Jibu la swali la 4: gramu 12.5 kwa lita. Amepita.